Binti yangu kaandika 6,000, mwalimu anataka hasi 6,000. Nani kakosea?

Mama Kona
Jumatatu, saa 3:20 usiku

Habari za usiku wakuu. Nina jambo dogo lakini limeninyima raha tangu jana. Baba watoto nimemwomba msaada kalikimbia. Yeye ni seremala Keko, anasema hesabu zake ni futi na inchi, na hajawahi kukata mbao ya hasi futi sita.

Nina duka la rejareja hapa Tandika. Unga, sukari, mafuta ya kupima, miche ya sabuni, vocha, na friza moja la barafu za ubuyu. Binti yangu yuko darasa la sita. Akitoka shule anakaa kaunta mpaka magharibi, na daftari la madeni analiandika yeye kwa sababu mwandiko wangu naweza kuusoma mimi tu, tena siku hiyo hiyo. Ukutani tumebandika "Kukopa harusi, kulipa matanga", lakini ukweli ni kwamba mtaani kwetu usipokopesha unga utaota wadudu ukiutazama.

Nieleze daftari lilivyo, maana ndiko tatizo lilikoanzia. Kila mteja ana ukurasa wake. Akichukua kitu tunaandika kiasi. Akilipa, binti anaandika kiasi na kukitangulizia alama ya kutoa. Kwa mfano kuna mzee mmoja fundi viatu: unga 3,600, sukari nusu 1,500, halafu -4,000 siku aliyolipa. Chini kaandika 1,100. Maana yake tunamdai 1,100. Mwaka wa pili huu tunaandika hivyo na hajawahi kukosea hata shilingi hamsini.

Sasa shuleni wameingia kwenye namba kamili, zile za chanya na hasi. Jana kanionesha zoezi la maswali matano, kapata mawili. Mtoto anayenipigia hesabu za duka zima! Nikakaa naye kwenye ndoo, tukayaangalia.

Swali la kwanza alilokosa: Juma alikuwa anadaiwa dukani shilingi 8,000. Akalipa 5,000. Kesho yake akakopa tena 3,000. Andika kwa namba kamili hali ya fedha ya Juma.

Binti kaandika 8,000 + (-5,000) + 3,000 = 6,000. Mwalimu kapiga mkasi mkubwa, pembeni kaandika -6,000.

Swali la pili: Alfajiri mlimani joto lilikuwa nyuzi -7. Hadi mchana likapanda nyuzi 12. Usiku likashuka nyuzi 9. Joto la usiku lilikuwa nyuzi ngapi?

Binti kaandika -10. Nilipomuuliza kaipata wapi akanijibu bila wasiwasi: "Saba, ikapanda kumi na mbili, kumi na tisa. Ikashuka tisa, kumi. Halafu nikakirudisha kialama chake." Kukirudisha, kana kwamba alikuwa amekiweka mfukoni.

Hili la mlimani naona kabisa kuna kitu kimekwenda kombo, ingawa sijui nimweleze vipi. Mimi mwenyewe niliishia la saba, namba za hasi nazikumbuka kama ndoto ya mchana. Lakini hili la Juma limenikaa kooni. Ukija dukani kwangu ukakopa 8,000, ukalipa 5,000, ukakopa 3,000, mimi nakudai 6,000. Sikudai hasi 6,000. Nikimwambia mtoto kwamba mwalimu kakosea, kesho hatamsikiliza darasani. Nikimwambia yeye ndiye kakosea, basi na daftari linalotulisha lina makosa tangu mwaka juzi.

Naomba kuwasilisha.

---

Kidume cha Gongo la Mboto
Jumatatu, saa 3:34 usiku

Mwalimu yuko sahihi. Deni ni hasi. Kwisha habari.

---

Chaki Mkononi
Jumatatu, saa 4:15 usiku

Mama Kona, shikamoo kama umenizidi, na marahaba kama nimekuzidi. Nimefundisha hisabati shule za msingi miaka kumi na tisa, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Binti yako hakukosea kujumlisha. Alisimama upande wa pili wa kaunta, basi. Zile 8,000 ziko kwenye daftari mbili kwa wakati mmoja. Kwako wewe ni mali yako iliyo mikononi mwa mtu. Kwa Juma ni pengo ambalo hata akiokota 8,000 barabarani leo litazimeza zote abaki na sifuri. Swali limeuliza hali ya fedha ya Juma. Tukienda kusimama kwake:

-8,000 + 5,000 + (-3,000) = -6,000

Sasa iweke chini ya ile ya binti, uone. Kila alama imegeuka, na jibu nalo limegeuka. Namba zenyewe hazijaguswa. Ningekuwa mimi ndiye ninayesahihisha, ningemwita nimuulize kabla ya kupiga mkasi, lakini na mimi nimewahi kuwa na rundo la madaftari mezani saa kumi na mbili jioni, najua mkono unavyokwenda wenyewe.

Kuna kosa jingine ambalo hilo ni letu walimu, nami nimelifanya miaka mingi. Tunawaambia watoto: ukiona "ongezeka" jumlisha, ukiona "pungua" toa. Inafanya kazi vizuri mpaka la nne, la tano. Ikifika hasi inawaangusha. "Deni la Juma limepungua kwa 5,000." Neno ni kupungua, lakini kwa Juma ile ni +5,000. Mtoto aliyekariri neno atatoa, na atazidi kumzamisha Juma.

Ndicho kilichotokea kwenye joto. Kwa binti yako -7 ni kama ukurasa wa mteja: kuna saba, na kuna kialama kinachosema saba hii ni ya aina gani. Akasikia "likapanda", akaikuza ile saba. Yaani joto limepanda na baridi imezidi! Muulize hilo tu, atacheka mwenyewe.

Halafu mchoree mstari wa namba, lakini usimame. Vitabu vinauchora umelala, chanya kulia, hasi kushoto. Mtoto wa kwanza kujifunza hajui kwa nini kulia kuwe ni zaidi ya kushoto. Ukiusimamisha kama kipimajoto, juu ni juu. Weka kidole kwenye -7. Panda kumi na mbili: saba za kwanza zinakufikisha sifuri, zinabaki tano, uko kwenye 5. Shuka tisa: tano zinakurudisha sifuri, zinabaki nne, uko kwenye -4.

Si umesema una friza? Basi mlima huo tayari unao dukani.

Na usimwone binti mshamba kwa kufikiria madeni. Mhindi mmoja, Brahmagupta, mwaka 628 aliandika kanuni za namba hizi kwa maneno hayo hayo ya mali na deni. Mali na mali ni mali. Deni na deni ni deni. Mali na deni, chukua tofauti yake. Zikilingana, sifuri. Zaidi ya miaka 900 baadaye bado kulikuwa na wataalamu wakubwa wa Ulaya waliokataa kuziita namba.

---

Mama Kona
Jumanne, saa 2:50 usiku

Marahaba mwalimu, ingawa nina wasiwasi umejizeesha makusudi.

Friza limefanya kazi, tena kuliko nilivyotegemea. Lina kipimajoto, likitulia linakaa kwenye -18. Nikamchorea mstari kwa chaki kwenye mlango wa friza lenyewe, sifuri nikaiweka usawa wa mkono wa kufungulia. Nikamwambia sifuri ndipo maji yanapoganda na kuyeyuka. Kanyamaza kidogo, halafu akauliza swali ambalo hamna kwenye kitabu: "Mama, kwa hiyo umeme ukikatika, joto likapanda nyuzi kumi na tano, barafu zetu bado?"

Nikapanda kwa kidole mpaka -3. Nikamwambia bado.

"Likipanda ishirini?"

2. Hapo tumekula hasara.

Akabisha! Anasema barafu za ubuyu hazisubiri sifuri, zinalegea mapema kwa sababu ya sukari, na yeye anajua maana ndiye anayezitoa. Nikamwambia sawa, tufanye ni barafu za maji matupu. (Ni kweli lakini, nimeziona zinalegea na kipimajoto bado kiko chini ya sifuri.)

La mlimani kalirudia mwenyewe, -4, bila kukirudisha kialama chochote. Nilipomkumbusha jibu lake la kwanza, kwamba joto lilipanda nyuzi 12 na mlima ukazidi kuganda, alijifunika uso kwa kanga yangu.

Ila Juma amegoma. Nimemweleza ya mwalimu yote, upande wa kaunta, daftari mbili. Ananijibu: "Lakini mimi niko dukani. Siko kwa Juma." Na mimi nilimzaa, kwa hiyo ubishi huo najua ulikotoka.

---

Dereva wa Buza
Jumanne, saa 3:30 usiku

Dada Mama Kona, mwambie aje akae na mimi bajaji siku moja, ataelewa habari ya kuwa upande wa Juma.

Sisi hesabu ni neno la kila siku. Bosi anataka hesabu yake jioni, uwe umepata au hujapata. Natoa mafuta, natoa chakula na ya kuacha nyumbani, natoa hesabu ya bosi, kinachobaki ndiyo changu. Siku nyingine hakibaki, naingia ndani. Wiki iliyopita ilikwenda hivi, nimeiandika nyuma ya kiberiti:

Jumatatu +9,000. Jumanne mvua, -5,000. Jumatano +5,000. Alhamisi pancha mbili, -8,000. Ijumaa +12,000. Jumamosi -4,000.

Mimi huwa siendi moja moja, nitapotea njiani. Kwanza naua zinazouana. Ile buku tano ya Jumanne na ya Jumatano, moja hasi moja chanya, zimekwenda kaburi moja, nazifuta. Kisha chanya zilizobaki nazikusanya: 9 na 12, elfu ishirini na moja. Hasi nazikusanya: 8 na 4, elfu kumi na mbili. Mali ishirini na moja, deni kumi na mbili, nimebaki na buku tisa. Jua lote lile, hata msimbazi, yaani elfu kumi, haujafika.

Sasa muulize binti: ile -5,000 ya Jumanne, kwa bosi ni ngapi? Kwa bosi ni anayonidai, kwake anaiandika kama mali. Mimi nimelala na hasi, yeye kalala na chanya, na mvua ni moja iliyotunyeshea wote. Yeye yuko Mbezi ghorofani, lakini na kwake ilinyesha.

---

Mwana wa Ujiji
Jumanne, saa 4:05 usiku

Naongezea kidogo kwa sababu mdogo wangu aliwahi kunaswa hapa. Kuna hasi ya mahali na kuna hasi ya mwendo, na swali moja linaweza kuwa na zote mbili. "-7" kwenye lile swali la mlimani ni mahali, ndipo joto lilipokuwa. "Likashuka 9" ni mwendo, nayo inaandikwa -9. Mtoto akiona zote zimeandikwa kwa kialama kile kile anadhani ni kitu kimoja.

Kwetu tuna mfano mzuri. Uso wa Ziwa Tanganyika uko kama mita 773 juu ya usawa wa bahari. Kina chake pale penye kina kirefu kabisa ni mita 1,470. Swali: sakafu ya ziwa iko wapi ukilinganisha na bahari ya hapo Feri? Mdogo wangu aliandika -1,470. Alichukua mwendo akaufanya mahali. Lakini hukuanza kushuka kutoka baharini, umeanza kushuka kutoka 773.

773 + (-1,470) = -697

Yaani pale chini ni karibu mita mia saba chini ya usawa wa bahari, na bahari yenyewe iko mwisho wa reli. Nikiwaambia watu wa Dar hawaamini, wanadhani ziwa ni bwawa kubwa.

---

Damu ya Msimbazi
Jumanne, saa 4:22 usiku

Mnahangaika na milima na maziwa wakati hesabu ya hasi na chanya iko hapa hapa Kariakoo. Nachukua zile mechi za Simba na mtani wetu Yanga zenye kipigo kikubwa, nahesabu tofauti ya magoli upande wa Simba. Mwaka 1968 tulifungwa 5-0, hiyo -5. Mwaka 1977 tukawapiga 6-0, +6. Mwaka 2012 tukawapiga 5-0, +5. Mwaka 2023 mwezi wa kumi na moja wakatupiga 5-1, hiyo -4, siikatai.

-5 + 6 + 5 + (-4) = 2

Simba tuna +2. Nyamazeni.

---

Jangwani Daima
Jumanne, saa 4:31 usiku

Umechagua mechi nne katika miaka zaidi ya hamsini, hiyo hesabu au kachumbari? Halafu kwa taarifa yako 1968 mlikuwa bado mnaitwa Sunderland. Jina la Simba halikuwepo.

---

Damu ya Msimbazi
Jumanne, saa 4:33 usiku

Ahsante sana. Kama Sunderland siyo sisi, basi ile -5 iondoe. Tunabaki na 6 + 5 + (-4) = 7. Endelea kunisaidia.

---

Jangwani Daima
Jumanne, saa 4:35 usiku

Irudishe. Sunderland ni nyie.

---

Chaki Mkononi
Jumanne, saa 4:50 usiku

Mama Kona, usimfiche mtoto ugomvi huu. Hawa mabwana wawili wamefundisha somo la wiki ijayo bila kujua. Simba alikuwa na 2. Akaondolewa hasi tano, hakushuka, alipanda mpaka 7. Yaani 2 - (-5) = 7. Nimewahi kutumia vipindi vitatu kulieleza hilo na nusu ya darasa ikatoka haijaelewa.

Na kuna jingine dogo. Simba akiwa na +2 kwenye mechi hizo nne, Yanga ana -2. Haiwezi kuwa vinginevyo, kwa kuwa kila goli linaandikwa mara mbili, kwa aliyefunga na kwa aliyefungwa. Ukizijumlisha timu zote mbili unapata sifuri siku zote. Ndivyo ilivyo kwako na kwa Juma. Jaribu kumwingilia binti kwa mlango huo. Mwache dukani kwake, ila amwandike na Juma pembeni.

---

Kidume cha Gongo la Mboto
Jumanne, saa 4:58 usiku

Nilisema tangu jana deni ni hasi. Mmezunguka mpaka Kigoma.

---

Mama Kona
Ijumaa, saa 3:10 usiku

Nimerudi wakuu. Samahani kwa kimya, friza lilinisumbua kweli safari hii, si la mfano.

Nimefanya alivyosema mwalimu Chaki. Nikamwambia binti abaki dukani kwake, simhamishi, ila achore mstari katikati ya ukurasa. Kushoto kaandika "Sisi", kulia kaandika "Yeye". Tukaanza na Juma wa kwenye zoezi. Sisi: 8,000, -5,000, 3,000. Yeye: -8,000, 5,000, -3,000. Alipofika chini, 6,000 huku na -6,000 kule, akaziangalia kwa muda, akajumlisha kwa kukatisha, mstari kwa mstari. Sifuri, sifuri, sifuri, na chini sifuri. Akasema "aah" ndogo, ile ya mtu aliyeona soksi aliyokuwa anaitafuta ameivaa.

Kesho yake akaipeleka karatasi shule, si daftari lenyewe, maana siri za watu haziendi shule. Mwalimu hakuufuta mkasi. Alama zake ni zile zile, mbili kwa tano. Lakini pembeni kaandika kwa wino mwekundu: "Kwa duka, sawa. Kwa Juma je?" Na binti kaandika chini yake -6,000, wakamalizana. Mimi kwenda shuleni kulalamika nilikokuwa nakupangia maneno tangu Jumapili kukafa hapo.

Tatizo sasa ni kwamba daftari lote kaligawa. Kila mteja ana Sisi na Yeye. Jana jioni kaja yule mzee fundi viatu, kainamia kaunta bila miwani, kaona jina lake, na chini ya Yeye kaona -1,100.

"Mbona mimi nimewekewa kistari?"

Binti: "Babu, hicho kinaonesha uko chini ya sifuri."

Mzee akanitazama mimi. Nikajifanya napanga sabuni. Akatoa elfu moja mfukoni, akaiweka kaunta kwa kishindo kidogo. Binti akaandika: Yeye 1,000, Sisi -1,000. Akapiga jumla.

"Bado mia, babu."

"Mia tu?"

"Ndiyo. Bado uko chini, lakini umeshakaribia kabisa."

Mzee kaondoka bila kuaga. Nikasema hapo nimepoteza mteja kwa sababu ya namba kamili. Dakika kumi hazijapita karudi na sarafu ya mia mbili, kaiweka, kasimama kusubiri chenji. Sina mia. Nimepekua droo, nimepekua kopo la karanga, sina. Binti naye hakungoja niombe radhi, ameshaandika, anamsomea kwa sauti kama mwalimu: "Ulikuwa hasi mia, umeleta mia mbili, sasa uko chanya mia. Sisi ndio tuko hasi."

Leo asubuhi sijafungua hata dirisha, mzee yuko nje anagonga. Anadai mia yake.